Kompyuta ya Nyumbani Inapochelewa Kuwaka: Jinsi Tulivyotafuta Sababu



Katika nyumba nyingi za wanafunzi wenzetu siku hizi imo kompyuta. Aghlabu ni ya mtumba, nayo ni ya watu wote: baba anaandikia barua zake, mama anawekea hesabu za biashara, watoto wanafanyia kazi za shule. Na karibu kila nyumba tuliyoingia tumesikia lalamiko lile lile, kwamba ukiiwasha asubuhi unaweza kuchemsha chai, ukainywa, ukaosha na kikombe, nayo bado inazungusha vile vinukta vyake. Watu wamekwisha kuzoea, wanasema imezeeka. Tumeona ni vyema katika toleo la mwaka huu tueleze jinsi tulivyotafuta sababu ya uchelewaji huo katika kompyuta ya nyumbani kwetu Tanga, kwa kuwa tulichokikuta mwishoni si kile ambacho kila mtu alikuwa akikisema.

Sisi tulioandika ni ndugu wawili wa nyumba moja, na sote tumesoma madrasa hii. Kompyuta yenyewe ni ya mezani. Baba aliinunua mwaka 2016 ikiwa tayari imetumika, ina RAM ya GB 4 na diski ya GB 500, na ilikuwa inatumia Windows 10. Miaka ya mwanzo ilikuwa ikiwaka kwa muda wa kuvumilika. Ilipofika likizo ya Desemba 2023 ilikuwa inachukua dakika saba.

Kila mtu alikuwa na jawabu lake. Mjomba alisema RAM ni ndogo, inunuliwe nyingine. Jirani alisema ni virusi, tena alisema kwa uhakika kana kwamba ameviona vikipita. Fundi mmoja wa mjini aliisikiliza hadithi yetu kwa muda usiofika dakika moja, akasema ipigwe Windows upya kwa shilingi 20,000, yaani kila kilichomo kifutwe na kuanza mwanzo. Baba alikuwa karibu kuipeleka. Bibi, ambaye maisha yake hajashika kipanya, ndiye aliyeuliza: "Na ile sauti ya babu yenu, nayo itapigwa?"

Hapo nyumba ikanyamaza. Babu yetu, Allah amrehemu, alikuwa akisomesha darsa barazani baada ya Alasiri. Kati ya mwaka 2012 na 2014 baba alimrekodi kwa simu, zikapatikana darsa 41. Babu alifariki mwaka 2015. Mwaka uliofuata baba alizihamishia rekodi zile kwenye kompyuta, na baadaye simu ikaibiwa. Hivyo sauti yote ya babu ilikuwa ndani ya sanduku lile chini ya meza, na mahali pengine popote haikuwepo. Tukamwomba baba atupe siku tatu kabla hajaipeleka kwa fundi, naye akakubali.

Jambo la kwanza tulilolifanya ni kuchukua saa na karatasi. Neno "inachelewa" halimsaidii mtu kitu, kwa sababu kuwaka kwa kompyuta si tendo moja. Ukibonyeza kitufe, kwanza mashine inajikagua vifaa vyake kabla Windows haijaanza. Kisha inatokea nembo, na hapo Windows inasomwa kutoka kwenye diski. Kisha panatokea mahali pa kuandika neno la siri. Ukishaliandika, inakuja picha ya mbele yenye alama za programu. Na hata picha ikishatokea, mara nyingi bado hutaweza kufungua kitu, kwani nyuma yake zipo programu zinazogombea kuamka. Kila hatua ina wahusika wake. Anayechelewesha hatua ya pili siye anayechelewesha ya mwisho.

Kabla ya kupima ilitubidi kujua jambo ambalo watu wengi hawalijui. Tangu Windows 8 iliyotoka mwaka 2012, kompyuta nyingi zikizimwa kwa njia ya kawaida hazizimiki kikamilifu. Programu ulizozifungua zinafungwa, lakini kiini cha Windows kinaandikwa kwenye diski kama kilivyo, ili kesho kirudishwe kwa haraka. Utaratibu huo unaitwa Fast Startup. Ukichagua Restart ndipo kila kitu kinaanza upya. Tulilithibitisha hili kwa macho yetu: katika dirisha la Task Manager, sehemu ya Performance, upande wa CPU, pana mstari wa Up time unaoonyesha kompyuta imekaa macho kwa muda gani. Yetu ilisema siku 11 na saa kadhaa, ilhali tulikuwa tukiizima kila usiku! Tukahesabu nyuma siku 11. Ilikuwa ni ile siku umeme ulipokatika ghafla mtaa mzima, kompyuta ikazimika bila kuagwa, na ilipowashwa ikalazimika kuanza upya kweli. Basi tukaamua kupima kwa Restart tu, mara tatu, ili vipimo vyetu vilingane.

Matokeo yalikuwa haya. Mashine kujikagua ilichukua sekunde 9. Kutoka nembo hadi neno la siri, dakika 2 na sekunde 50. Kutoka neno la siri hadi picha, sekunde 55. Kutoka picha hadi tuweze kufungua ukurasa wa kuandikia, dakika 3 na kidogo.

Tukaanzia mwishoni, kwa kuwa ndiko kwenye uchafu unaoonekana. Ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager inafunguka, na humo imo sehemu ya Startup yenye orodha ya programu zinazojiamsha zenyewe. Tulizikuta 14. Ilikuwamo ya printa ambayo tulishaigawa, mbili za kupiga simu kwa intaneti, moja ya muziki, na nyingine ambazo kazi yake ni kutazama tu kama kuna toleo jipya la mwenzake. Mbele ya kila jina pameandikwa uzito wake. Ile iliyoandikwa High ni programu inayotumia zaidi ya sekunde 1 ya kazi ya CPU, au inayosoma na kuandika zaidi ya MB 3 kwenye diski wakati wa kuwaka. Tukazizuia tisa kwa kuchagua Disable, tukaacha kinga ya virusi na vitu vya sauti na skrini. Kuzuia si kufuta. Programu inabaki, ila inangoja mpaka iitwe.

Hatua ya mwisho ikashuka kutoka dakika 3 hadi dakika 1 na sekunde 10. Mama alifurahi, akasema sasa yatosha. Lakini karatasi yetu ilisema vingine. Ile hatua ya pili, kutoka nembo hadi neno la siri, ilibaki vile vile, na katika kipimo kimoja iliongezeka. Nayo ni hatua ambayo zile programu tisa zilikuwa bado hazijaamka. Haiwezekani kumlaumu mtu kwa kelele za usiku ambao alikuwa hajafika mjini.

Tukawasha kwa Safe Mode, hali ambayo Windows inaamka na vitu vya lazima tu, bila mapambo wala wageni. Kama tatizo lingekuwa programu fulani au kiendeshi cha kifaa fulani, hapa tungetarajia nafuu kubwa. Nafuu ilikuwa ndogo sana. Na virusi tulivitafuta kwa kinga ya Windows yenyewe. Ilikesha hadi alfajiri na haikupata kitu. Ama RAM ya mjomba, Task Manager ilionyesha kwamba baada ya kuwaka zimetumika asilimia 61. Iliyobaki ilikuwa imekaa bure. Tulimweleza mjomba kwa adabu, akasema GB 4 ni ndogo hata hivyo, na katika hilo ana haki yake.

Katika dirisha hilo hilo, sehemu ya diski, ndipo tulipoona jambo la kutisha. Mstari wa diski ulikuwa umepanda hadi asilimia 100 na kukaa hapo, lakini kasi ya kusoma haikuzidi MB 1 kwa sekunde. Muda wa kujibu, badala ya kuwa milisekunde kumi au ishirini, ulikuwa unaruka hadi elfu mbili, elfu tatu. Yaani diski ilikuwa inafanya kazi kwa nguvu zake zote na haitoi kitu.

Pengine msomaji atauliza hilo linawezekana vipi. Diski ya aina ya zamani ni sahani inayozunguka, na juu yake upo mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea. Ya kwetu ilizunguka mara 7,200 kwa dakika, ambayo ni mara 120 kwa sekunde, hivyo mzunguko mmoja huchukua milisekunde 8 hivi. Ili kusoma kipande kimoja, mkono lazima usogee hadi kwenye njia yake, kisha ungoje kipande kizunguke na kufika chini ya kichwa. Kwa sababu hiyo, diski nzima ya afya haimudu hata vipande mia moja vilivyotawanyika kwa sekunde, na Windows ikiwaka inahitaji maelfu. Huo ndio uzito wa kawaida wa diski hizi, wala si ugonjwa. Ugonjwa ni pale kipande kinapokuwa kimeharibika. Kichwa kikikisoma na kutokielewa, diski haikati tamaa mara moja. Inajaribu tena, na tena, na tena, na kipande kimoja kinaweza kula sekunde nzima au kadhaa. Muda wote huo Windows imesimama mlangoni inangoja. Mtu aliye nje anaona vinukta vinazunguka, anasema kompyuta imezeeka.

Ilitubaki kuthibitisha. Windows ina daftari lake inaloandika kila siku bila kuombwa, linaitwa Event Viewer, na tunadhani ni nyumba chache zilizowahi kulifungua. Ndani yake, ukifuata njia ya Microsoft, kisha Windows, kisha Diagnostics-Performance, utakuta matukio yenye namba 100. Kila moja linaeleza siku ile kompyuta iliwaka kwa milisekunde ngapi. Tulikaa tukisoma kama wanaosoma barua za mtu. Mwezi Februari 2023 ilikuwa milisekunde 74,000. Agosti, 96,000. Mwanzoni mwa Oktoba ikaruka hadi 212,000, na Desemba ilikuwa imekaribia 400,000. Basi haikuzeeka pole pole kama mzee. Iliugua mwezi wa Oktoba. Tukafungua ukurasa mwingine wa daftari, ule wa System, na kuanzia Oktoba hiyo hiyo tukakuta maonyo yenye namba 7, chanzo chake kimeandikwa "disk", yakisema kifaa kina kipande kibovu. Yalikuwa mengi. Hakuna aliyeyasoma kwa sababu hayatokei kwenye skrini.

Mwisho tukatumia CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma hesabu ambazo diski inajiwekea yenyewe. Ilitoa rangi ya manjano na neno Caution. Mstari wa Current Pending Sector, yaani vipande ambavyo diski imeshindwa kuvisoma na bado haijui ivifanye nini, ulikuwa na 96. Kesho yake asubuhi vilikuwa 141.

Hapo tukaacha uchunguzi. Hatukupanga upya diski, hatukuiendesha ile kazi ya kukagua na kutengeneza diski nzima, wala hatukuongeza programu. Diski inayokufa ina pumzi za kuhesabika, na kila kazi unayoipa inazitumia. Pumzi hizo tulitaka ziende kwa babu. Rekodi zote hazikufika hata GB 1, jambo ambalo kwa diski nzima ni la dakika moja. Tulichomeka flashi baada ya Isha, tukaanza kunakili faili moja moja. Nyingine zilipita mara moja. Nyingine zilisimama robo saa, mkono wa diski ukisikika unagonga ndani, tik, tik, kisha zikapita. Bibi alikuwa amekaa kitandani na tasbihi yake, hataki kwenda kulala. Hadi saa nane za usiku zilikuwa zimetoka 40. Ya 41 ilikataa, ikatoa ujumbe wa Cyclic redundancy check, maana yake kilichosomwa hakilingani na kilichoandikwa. Tukaizima kompyuta na kuchomoa waya ukutani.

Tungependa wasomaji wapime hapa ushauri wa kupiga Windows upya. Kwa zile shilingi 20,000 kompyuta ingerudi nyumbani, pengine na nafuu ya wiki mbili tatu kwa sababu Windows mpya ingeangukia kwenye vipande vingine vilivyo vizima. Diski ingekuwa ile ile mbovu, na darsa 41 zingekuwa zimefutwa kwa mkono wa mtu. Hatusemi fundi alikuwa na nia mbaya. Hiyo ndiyo dawa anayoitoa kwa kila mgonjwa, na wengi wanapona; lakini hakuwahi hata kuuliza humo ndani mna nini.

Januari 2024 alikuja binamu yetu anayesomea mambo ya kompyuta Dar es Salaam. Baba alinunua diski ya SSD ya GB 240 kwa shilingi 65,000. Diski hizi hazina sahani wala mkono. Hakuna kinachozunguka, kwa hiyo vipande vilivyotawanyika zinavisoma kwa maelfu mengi katika sekunde moja. Iliingia kwenye waya ule ule wa diski ya zamani, Windows ikawekwa juu yake, RAM ikabaki ile ile GB 4. Tukachukua saa yetu: kutoka kitufe hadi kufungua ukurasa wa kuandikia, sekunde 38. Jirani alipoona alisema virusi vimetoka.

Kisha binamu akaiunganisha diski mgonjwa pembeni, na kwa programu ya ddrescue akaanza kuitafuta ile faili ya 41. Programu hii ina busara yake. Haing'ang'anii palipokataa, inachukua kwanza yote yanayosomeka kwa urahisi, inaandika kwenye ramani sehemu zilizogoma, halafu inazirudia mwishoni kidogo kidogo. Ilifanya kazi usiku na mchana. Ilipomaliza, faili ikafunguka na sauti ya babu ikatoka. Kufika dakika ya 17 pana kimya cha sekunde 14, kisha anaendelea.

Tumeisikiliza sehemu hiyo mara nyingi. Kabla ya kimya, babu anasema "Karibu, uliza." Baada ya kimya anasema, "Hapana, mwanangu, hilo usilifanye mpaka umwombe yeye mwenyewe radhi kwanza," na anaeleza kwa dakika tano namna ya kumwendea mtu uliyemdhulumu. Swali lenyewe limo katika zile sekunde 14. Baba anadhani muulizaji alikuwa kijana mmoja wa mtaa wa pili ambaye baadaye alihamia Mombasa. Bibi anasema siye, kijana yule alikuwa hakai mbele. Diski ya zamani tumeifunga kwenye kitambaa na kuiweka kabatini, kwa kuwa binamu anasema zipo karakana zenye vifaa vya kusoma zaidi ya hapo, ila gharama yake kwa sasa hatuiwezi.

Darsa zote sasa zipo mahali patatu: kwenye kompyuta, kwenye flashi ya bibi, na kwa shangazi Pangani. Wanafunzi wanaotaka kuzisikiliza waje na flashi zao. Na yeyote ambaye kompyuta ya kwao inachukua dakika nyingi kuwaka atuone siku ya Alhamisi baada ya Alasiri, lakini aje na karatasi ya vipimo vya hatua zote nne, iliyopimwa kwa Restart, na kama mna jambo la thamani ndani yake alinakili kwanza kabla hajatoka nyumbani.